Majivu ya Nyuklia Yana Mwenyewe

Mwanangu Mukami, futa machozi. Umemuuliza mgeni aliyekuja shuleni kueleza umeme wa nyuklia taka zake zitawekwa wapi, darasa likacheka, na mwalimu pia akacheka. Mimi nimekasirika sana. Sijazeeka, lakini kwa hili nina la kukushauri, kwa sababu siku moja aliyecheka nilikuwa mimi.

Nilikuwa kidato cha tatu. Maafisa walikuja kwa baraza ya chifu hapa Kanja kueleza umeme wa nyuklia, na chifu akaniita nitafsiri kwa Kiembu. Ungeniona! Sketi imepigwa pasi, kichwa juu. Nikaeleza kwamba mvua ikikosa, maji ya mabwawa hushuka, stima hupotea, majani chai yetu huharibika kiwandani. Nyuklia haingoji mvua, haitoi moshi, na dunia nzima inatafuta stima zaidi.

Shosho, nyanya yangu, akasimama na gambuti zake za shamba. "Na majivu yake atatoa nani? Kwangu anayewasha moto ndiye hutoa majivu. Haachii mgeni."

Nikacheka. "Shosho, hii si kuni!" Watu wakaangua kicheko. Swali sikulitafsiri, na maafisa wakaenda zao.

Nyumbani shosho hakunipiga. Alinipa karai, nikatoa majivu ya jikoni ya wiki nzima. "Umenicheka, hujanijibu," akasema. "Kizungu chote hicho, na jibu huna!"

Jumatatu nilimuuliza mwalimu wa fizikia. Hakunificha: mabaki yenyewe si mengi, lakini mengine hubaki hatari kwa maelfu ya miaka, na lazima yalindwe muda huo wote. Baraza iliyofuata nikasimama mbele ya watu walewale, nikasema hivyo, nikamwomba shosho msamaha. Akapiga makofi peke yake mpaka wazee wakafuata. "Huyo ni wangu!" akapaza sauti.

Na wewe ni wangu. Swali lako ni lake, na hakuna aliyekufundisha. Nyuklia usiikatae kwa kuwa ni ngeni, wala usiikubali kwa kuwa anayeileta amevaa tai. Pengine tutaihitaji. Lakini anayetaka kuwasha atuonyeshe kwanza majivu yataenda wapi, na nani atayalinda sisi tukishakufa.

Kesho naenda na wewe shuleni. Utamuuliza mwalimu tena, mimi nikiwa nimesimama nyuma ya darasa. Acha wacheke nikiwaangalia.

Mungu akupe kifua cha shosho cha kuuliza bila woga, mwanangu, na akuweke mpaka utakapolijibu swali hilo wewe mwenyewe.