Mahali Alipofia Kiplagat

Kiplagat alifia Mbale, Uganda, akitoka hija ya Namugongo, na basi zima la parokia lilimwona akikata roho. Lakini karatasi ya serikali inasema alifia Kitale, kwenye kitanda cha mkewe, na aliyethibitisha ni mke mwenyewe.

Mke huyo, Nasike, hakuona mlango wa darasa. Alitoka Bungoma akaolewa kwa Wakalenjin, na kwa miaka ishirini na mitatu ukoo wa mumewe ulimwita "yule wa Bungoma", kana kwamba wazazi wake walisahau kumpa jina. Alimsomesha binti yake Lorna kwa maziwa ya ng'ombe wawili.

Siku ya msiba, shemeji yake Rotich, aliyekuwa kwenye hija ileile, hakutaka kusikia habari za mochari ya ugenini wala vibali. Alikodi gari dogo, akamketisha marehemu katikati ya watu wawili, akamvisha kofia na kumfunika shuka hadi kidevuni. Mchana kweupe, mpakani Lwakhakha, alimwambia askari kuwa mzee amechoka na safari. Gari likapita. Nyumbani alisifiwa: huyo ndiye ndugu.

Kesho yake naibu wa chifu akaja na fomu ya kuzika. "Alifia wapi?"

"Nyumbani," Rotich akajibu upesi, kisha akamgeukia mjane. "Weka kidole hapa, mama Lorna, tuzike."

Nasike, macho yamejaa machozi, aliweka.

Miezi miwili baadaye Lorna aliitwa chuo cha uuguzi, aripoti Septemba na karo mkononi. Hapo ndipo Nasike alipokumbuka kwamba kila hujaji alilipia bima ya safari pamoja na nauli. Alikwenda ofisi ya bima mjini Kitale, akamkuta Tejal, binti wa wenye duka la vitambaa, ndiye anayepokea madai.

"Pole sana, mama," Tejal alisema, akiigeuza ile karatasi. "Lakini bima hii inalipa mtu akifa safarini. Hapa wanasema alikuwa kwake."

"Basi zima lilimwona!"

"Basi haliweki sahihi, mama. Niletee karatasi ya Uganda, ama aliyemleta aje aape kwa wakili. Mwisho Ijumaa."

Karatasi ya Uganda haikuwepo. Mahujaji wengine walimkwepa, kwani Rotich ndiye mwenyekiti wao. Akamfuata mwenyewe Moi's Bridge, akamkuta ameketi juu ya magunia ya mahindi na wanunuzi wenzake.

"Shemeji, njoo uape. Ni ukweli tu unaenda kusema."

"Ati niape nilivusha maiti? Nifungwe sababu ya shule ya mtoto?" Wenzake wakacheka. "Si wewe uliweka kidole? Kiulize!"

"Uliniambia ni ya kuzika."

"Na hatukuzika? Ama tungemwacha Mbale kama mzigo uliokosa mwenyewe?"

Walicheka tena. Rotich alipomsindikiza barabarani alipunguza sauti. "Lakini ukiniachia lile shamba la chini, pengine nitakumbuka vizuri."

Shamba la chini ndilo lililolisha ng'ombe. Nasike alipanda matatu ya Kitale, akamwacha barabarani.

Ijumaa alirudi kwa Tejal. "Andika. Mume wangu alifia Mbale. Rotich alimvusha mpaka akimshika kichwa kisianguke. Mimi nilidanganya kwa kidole changu."

Tejal aliweka kalamu chini. "Mama, hii ikiandikwa, wa kwanza kuulizwa ni wewe."

"Waniulize. Angalau wataniuliza. Andika."

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, Lorna akamsomea mama yake. Kampuni ilisema mdai amepinga maelezo yake mwenyewe, shahidi hana, na dai limefungwa. Rotich hakuhitaji kusomewa. Alishasikia kwamba ametajwa, akaleta vibarua wakachimba mashimo ya nguzo za ua katikati ya shamba la chini.

Asubuhi ambayo wanafunzi wenzake walikuwa wakiripoti chuoni na masanduku yao, Lorna alishika jembe. Yeye na mama yake walianza na shimo lililo karibu na mto, wakafukia moja baada ya jingine, huku vibarua wa Rotich wakiwatazama kutoka barabarani, bila kujua kama waingie au warudi kwao.