Nyamburi Alivyomlilia Mugeta Akiwa Hai

Mwenyekiti wa jumuiya yetu ana simu kubwa na binti aliyemaliza chuo, lakini habari za Nyamburi anataka niandike mimi niliyeishia ngumbaru. Eti kwa sababu nilikuwepo. Nilikuwepo ndiyo, na mgongo wangu huu unaouma ulikuwepo. Haya.

Nyamburi ni jirani yangu hapa Butiama. Analima mihogo, anafuga mbuzi wakorofi kama yeye. Alibatizwa mtu mzima, akachagua somo wake awe Mtakatifu Monika, maana katekista alisema Monika alimlilia mwanae mpaka akaongoka. Nyamburi naye ana mwana, Mugeta, mvuvi wa Murangi. Anaishi na Naomi, wana watoto watatu, ndoa ya kanisa hawana. Akiulizwa anasemaga mwakani. Nyamburi alitaka jambo moja tu, amwone mwanae akikomunika kabla yeye hajafa, na bila ndoa ya kanisa hakomuniki mtu.

Mwaka jana, sikukuu ya Monika, tulikuwa kwake tunakula pilau. Mabinti wa kwaya wakasema watakatifu hawa wa kike ni wa zamani, mwanamke wa leo atafanya nao nini. Nyamburi akaweka sahani chini. Akasema Monika hakukaa nyumbani kula pilau, alipanda meli akamfuata mwanae. Asubuhi akanigongea.

Tulifika Murangi, Naomi yuko sokoni, Mugeta yuko ziwani. Nyamburi akaketi mlangoni pao, akavua kilemba, akaanza kulia akimtaja mwanae. Kumwachia mwenzako alie peke yake ni aibu. Nikamsaidia. Na mimi nikilia, Bunda wanasikia.

Sasa kwetu mama akilia mlangoni na mwanae yuko majini, nani atauliza? Majirani wakaja wanalia. Turubai likapanda. Mzee Luqmani, seremala, Mwislamu mmoja mstaarabu sana, akaleta mabenchi, akauliza kwa upole marehemu alikuwa na urefu gani. Nilitaka kueleza, lakini kila nikifungua mdomo mtu ananikumbatia. Naomi akarudi, akaona turubai, akaanguka chini.

Ndipo katekista wa pale akasimama kupanga mazishi. Akasema kwa masikitiko kwamba marehemu hakuwa na ndoa, padri hatakuja, misa hakuna. "Tutamwimbia wimbo mmoja, tumfukie."

"Wimbo mmoja tu?" sauti ikauliza nyuma.

Alikuwa Mugeta, ana tenga la sato begani. Watu walikimbia; mzee mwenye turubai aliruka uzio wa minyaa na umri wake ule. Naomi hakukimbia. Alimwendea akampiga kofi, akamshika mkono kuhakikisha.

"Umesikia unavyozikwa?" akamwambia. "Na mimi leo ningeitwa nani hapa? Mjane wa nani?"

 Mugeta akatua tenga, akapiga magoti mbele ya mama yake. "Mama, nyamaza. Kesho naenda kwa padri."

"Sinyamazi mpaka nione pete," akasema Nyamburi, akaendelea.

Chakula cha msiba kilishaiva, tukakila. Mwezi wa kumi walifunga ndoa, Mugeta akakomunika, na Nyamburi akalia tena, safari hii bila msaada wangu.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama una mwana wa mwakani, niletee jina lake na mahali anapolala. Uje mwenyewe, usitume mtu. Nauli juu yako.