Nilivyoweka maji ya mama yangu kwenye divers

Wakuu, salaam kutoka Goma. Hiki ni kisa changu mwenyewe, sijaongeza chumvi, na aibu yote ni yangu.

Mtaani kwetu, pande za Katindo, tuna bunge letu dogo. Kila avenue, yaani kila barabara ya mtaa, inachagua mjumbe mmoja. Tunakutana Jumapili saa nane kwenye salle, ule ukumbi wa parokia, na saa kumi kamili kwaya inatutoa ili ifanye mazoezi.

Mimi ni rapporteur. Yaani ndiye ninayepanga ordre du jour, orodha ya mambo ya kujadili, na kujibu malalamiko ya wajumbe.

Kusema kweli cheo kilinipanda kichwani. Mtu akinieleza shida yake namjibu, "Préoccupation yako imepokelewa, itapangwa kwa wakati wake." Nilikuwa hadi na tai ya kusemea sentensi hiyo.

Sasa avenue yetu ikamchagua mama yangu mzazi.

Hapo ndipo msala ulipoanza.

Chef wa mtaa alikuwa na robine moja, bomba la maji, ya kutoa. Alitaka bunge limwandikie barua kabla ya mwezi kwisha, kusema iwekwe wapi. Bila barua, inakwenda mtaa mwingine.

Mama ana goti bovu. Kila asubuhi anashuka ziwani na dumu lake, kisha anapanda nalo kwenye yale mawe ya volkano. Akaleta hoja: robine iwekwe avenue yetu.

Nami, kwa kuogopa watu waseme nampendelea mama, nikaiweka kwenye divers.

Kwa wasiojua, divers ni kile kipengele cha mwisho, cha mengineyo. Na sisi hatujawahi kukifikia. Sababu ni motion. Mjumbe akitamka "motion", kila kitu kinasimama, hata président ananyamaza mpaka amalize. Na wajumbe wetu wanapenda motion kuliko sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwani kwetu.

Jumapili ya kwanza tulijadili rangi ya beji zetu. Motion kumi na moja.

Jumapili ya pili tulijadili kama rangi tuliyopitisha ni bluu au ni kijani. Kwaya ikatutoa.

Siku hiyo nilirudi nyumbani na njaa ya kufa mtu. Nikamuuliza mama kama kuna chakula.

"Préoccupation yako nimeipokea," akasema bila kugeuka. "Fufu iko mu divers."

Akaosha sahani zote. Akampigia simu shangazi yangu wa Butembo, wakaongea mpaka salio likakata. Akakunja nguo. Nilikula fufu ikiwa baridi, na sikuthubutu kusema motion.

Jumapili ya tatu ndiyo ilikuwa ya mwisho kabla ya mwezi kwisha. Saa kumi kasorobo bado tuko kwenye beji, safari hii kama zivaliwe kwa pini au kwa kamba. Nikaanza kukusanya karatasi zangu.

Mama akasimama kule nyuma.

"Motion."

Président wetu ni mwalimu mstaafu, mtu wa taratibu kama mimi. Akamuuliza, "Mama Honorable, ni motion gani? Ya ordre, ya information, ao ya procédure?"

"Yote tatu, Papa Président. Ya information: niko na myaka makumi sita, na kila asubui minabeba bidon kutoka ku lac. Ya ordre: rapporteur aondoe maji mu divers, aiweke ya kwanza. Ya procédure: mulango nimeifunga."

Tukageuka. Kweli, ulikuwa umefungwa. Nilisahau kuwaambia kwamba kiongozi wa ile kwaya, mwenye ufunguo wa salle, ni yeye.

"Mama, lakini kwaya inangoja inje," nikasema, nikijishika tai.

"Bataimba mu kiwanja."

Na kweli wakaanza kuimba huko nje. Tukapiga kura wakiwa kwenye ubeti wa pili. Dakika nne tu, hakuna aliyepinga, hata watu wa beji.

Niliandika barua kwa aibu. Wiki zote hizo nilijiona mwenye haki, kumbe mzigo wa usafi wa jina langu alikuwa anaubeba mama, na goti lile.

Robine imefunguliwa avenue yetu leo asubuhi. Nimekuja na dumu langu, nikamkuta mama ameketi kwenye kigoda na daftari, anapanga foleni. Nikamsogelea na tabasamu la mtoto wa nyumbani.

Hakuinua hata kichwa.

"Rapporteur? Uko mu divers."

Wakuu, nilichojifunza ni hiki: ukipewa kazi ya kupanga shida za watu, usizipange kwa kulinda jina lako.

Huko kwenu maji mnayaweka namba ngapi? Semeni, nitamjibu kila mmoja, na sitasema imepokelewa. Muda ninao. Mbele yangu bado kuna watu kumi na tisa.