Begi Moja la Elkanah

"Mimi si posta," Elkanah alisema, na ile simu ya jela ikakoroma sikioni mwa Verediana. "Waambie hivyo, dada Vere. Mimi sisafiri, nasafirishwa."

"Sasa wao watajuaje? Wamesikia mtu anakwenda Kilimanjaro, wamefunga vifurushi. Ndivyo walivyozoea."

"Naftali hajakanyaga hapa tangu nikamatwe. Leo ananiletea viatu vya baba yake?"

"Viatu, na saa ya ukutani."

"Saa ya ukutani."

"Ile inayopiga kengele."

Elkanah alicheka bila kutaka, kisha akakasirika zaidi kwa kuwa amechekeshwa. Walikuwa wametenganishwa na kioo kinene. Upande wake amevaa nguo za jela za rangi ya chungwa, suruali imeishia juu ya vifundo vya miguu, na ndala za mpira. Huyu ni mtu aliyekuwa akipiga pasi hata suruali ya kufanyia usafi. Verediana aliziangalia zile ndala akajuta kuziangalia.

"Niteremke kwenye ndege na askari," Elkanah alisema, "watu wananitazama, halafu nianze kugawa viatu? Nitakwenda mikono mitupu. Usilete begi. Sitaki."

"Elkanah."

"Nimesema sitaki."

Akatundika simu, akaondoka kabla muda haujaisha. Verediana alibaki na simu mkononi kama mtu aliyesahau anampigia nani.

Elkanah alizaliwa Usangi, juu kabisa kwenye milima ya Upare, mtoto wa pekee wa mama aliyekuwa akishona sare za shule. Kanisa lilimleta Saint Paul, Marekani, mwaka 1988 kusomea uhasibu. Ufadhili ukakatika kabla masomo hayajafika nusu, na tangu hapo akajisomesha mwenyewe kwa kuosha vyombo, kisha kwa kuinua wazee kwenye nyumba moja ya kulelea wazee huko New Hope. Uhasibu ulimshinda, wazee hawakumshinda. Alikuwepo babu mmoja Mnorwe, mkali kama pilipili, aliyewatukana wahudumu wote na kukataa kuoga mpaka Elkanah aingie kazini. Wakikutana ni kubishana tu: babu anasema maji ya moto, Elkanah anasema moto ni ulimi wako. Babu alipofariki, Elkanah alivaa tai kwenda kumzika.

Mwaka 1995 alipata kadi ya ukaazi kwa ile bahati nasibu ya Wamarekani ya kila mwaka. Mwaka uliofuata, mapema, rafiki mmoja akamwomba amtunzie maboksi kwenye gereji. Ndani mlikuwa na televisheni. Elkanah hakuuliza zimetoka wapi, na hapo ndipo alipokosea. Mtu mzima huuliza. Polisi walipokuja, rafiki alikuwa ameshahamia jimbo jingine. Mwanasheria akamwambia Elkanah: kiri kosa, leo hii unarudi nyumbani. Akakiri. Hakimu akampa mwaka mmoja, akautundika, yaani hautumikii asipokosea tena, na Elkanah akarudi nyumbani siku ile ile kama alivyoahidiwa. Hakulala ndani hata usiku mmoja. Jumamosi akapika pilau, watu wakajaa, mchungaji akaomba sala ya shukrani kwamba kijana ameachiliwa. Walikula mpaka ukoko. Hakuna aliyeuliza mwaka uliotundikwa unatundikwa wapi.

Kabla mwaka haujaisha, sheria ya wageni ilibadilishwa, na ile mpya ilirudi nyuma kufukua yaliyopita: kifungo cha mwaka mmoja, hata kilichotundikwa, sasa kilitosha kumfukuza mgeni nchini. Elkanah hakujua. Angejuaje? Alikuwa kazini. Mwaka 2000 akaomba uraia, kwa sababu raia anaweza kumleta mama yake. Siku ya usaili gari lake liligoma kuwaka kwa baridi, Verediana, dada yake wa ugenini tu, si wa damu, akampeleka. Alimsubiri nje, injini ikiunguruma ili joto lisikatike, na wali kwenye hotipoti kiti cha nyuma kwa ajili ya kusherehekea. Wali ukapoa. Aliyetoka mlangoni ni mwanamke asiyemjua, akamwuliza kama yeye ndiye dada wa huyo bwana, akamkabidhi funguo za Elkanah na tai yake.

Miezi ya kubembelezana na wanasheria ilipita, ikaisha. Sasa tarehe ya kurudishwa kwao ilikuwa imetoka, na masharti yake ni mafupi: begi moja, ratili arobaini, kama kilo kumi na nane, liletwe jela na ndugu. Kinachozidi kinabaki.

Habari hiyo ilipita kwenye simu za watu, na kabla ya jioni vifurushi vikaanza kufika kwa Verediana. Kwa Watanzania wa hapa, mtu akisema anakwenda nyumbani, begi lake halihesabiwi kuwa lake. Atabeba dawa za presha za mama wa huyu na vitenge vya shangazi wa yule, na zamu yake ikifika naye atabebewa. Hivyo ndivyo walivyodaiana, na madeni hayo yalikumbukwa kuliko ya benki.

Verediana mwenyewe alikuwa akimdai Elkanah. Alipokwenda Rombo kumzika baba yake, alibebeshwa kichwa cha cherehani, chuma kitupu, zawadi kwa mama yake Elkanah kule Usangi. Mpini wa begi ukakatika Amsterdam. Alikikumbatia kichwa kile uwanja mzima kama mtoto mgonjwa, mkono ukamwuma mwezi. Tangu hapo, mbele za watu, humwambia: "Wewe una mzigo wangu mmoja." Naye hujibu: "Niko nao, dada, nikienda nitabeba."

Kwa hiyo kwenye lundo lile la vifurushi mlikuwa na cha Verediana pia: viatu vya shule, sweta na mkoba wa Anaeli, binti yake, aliyemwacha kwa bibi yake akiwa bado ananyonya na sasa yuko darasa la tano. Ndiyo maana lile neno la posta lilimchoma. Halikuwa la Naftali peke yake.

Kesho yake, baada ya kuachana na Elkanah pale kwenye kioo, Verediana alikwenda New Hope kuondoa vitu kwenye nyumba ya Elkanah, maana mwenye nyumba alikuwa ameshachoka kusubiri. Sebule aliijua, na jiko pia. Chumba cha pili hakuwahi kukiona kikiwa wazi. Elkanah alikuwa akisema ameweka makorokoro. Akafungua.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Juu yake blanketi zito, zito kweli, bado limo kwenye nailoni yake. Chini, ndala za manyoya, ndogo, za mguu wa bibi. Bafuni kwa upande ule Elkanah alikuwa amefunga chuma cha kujishikilia ukutani, sawasawa na vile vya kwa wazee wake kazini, kwa kuwa alijua wazee huangukia wapi. Kilifungwa imara, Verediana alikivuta kwa nguvu zote na hakikutikisika.

Alikaa pembeni mwa kitanda, kisha akasimama upesi, kwa kuwa hakikuwa kitanda cha kukaliwa na yeye.

"Mjinga wewe," alikiambia chumba. "Ungesema."

Alikuwa anafunga maboksi Naftali alipobisha hodi, bahasha ya picha mkononi, ya kuongezea kwenye begi. Naftali alikuwa mtu mrefu aliyejikunyata kila alipoongea na Verediana, na kwa ukali wa Verediana alikuwa na haki ya kujikunyata.

"Mama Anaeli, samahani, hizi ni nyepesi."

"Hata unyoya una uzito. Mbona hukumpelekea mwenyewe? Jela si mbali, ukipita Coon Rapids umefika."

Naftali akaitazama bahasha. "Pale mlangoni wanataka kitambulisho. Viza yangu unaijua."

Aliijua. Ilikuwa imekufa siku nyingi, na ya wengi wao ilikuwa imekufa vilevile. Kumbe ndiyo maana hakuna aliyekanyaga kule, wakamwacha yeye na kadi yake ya ukaazi akae mbele ya kioo kwa niaba ya wote.

"Anasema mnamfanya posta," Verediana alisema, sauti imepungua ukali.

"Na afanywe. Mama Anaeli, akifika mikono mitupu, nani atapanda Usangi kumwona? Watu watapita mbali na ule mlango. Lakini ana vitu vya watu. Baba yangu atapanda kufuata viatu. Akishapanda atakaa, atapewa chai, wataongea. Na wengine hivyohivyo." Akamnyooshea ile bahasha. "Mimi sina kingine cha kumpa."

Verediana akachukua bahasha.

Nyumbani alisimama kwenye mizani ya bafuni bila begi, kisha na begi, akifanya hesabu kwa midomo. Blanketi lilitangulia chini kabisa, na ndala za manyoya ndani ya mikunjo yake. Akapanga vifurushi vya watu. Limezidi. Akatoa maboksi, akachana nailoni, akaviringisha soksi ndani ya viatu vya baba Naftali. Bado limezidi. Akakaa sakafuni na kukitazama kile kifurushi cha bluu cha Anaeli. Ni miezi mingapi tena mpaka mtu mwingine aende? Mguu wa mtoto haungoji. Alikitoa, akafunga zipu kabla hajaghairi. Mizani ikakubali.

Siku ya kukabidhi, askari alipima begi, akalipekua, akaliburuta ndani. Elkanah akaletwa nyuma ya kioo. Alinyanyua simu taratibu.

"Nilisema sitaki."

"Nilisikia. Blanketi la mama limo."

Elkanah alisogea mpaka paji la uso likagusa kioo.

"Nani alikuambia uingie chumba kile?"

"Mwenye nyumba anataka nyumba yake. Niingie na nani, na wewe uko humu?"

"Nilimwambia atakuja kabla ya Krismasi," Elkanah alisema. "Amewaaga mpaka kwaya."

Verediana alisogeza kiti karibu na kioo. Alimweleza tu kuhusu vifurushi: ni nani wenyewe, nani atapanda kuvifuata, na kwa nini hawakuja kumwona. Elkanah alisikiliza akiwa ameinama.

"Kwa hiyo niwachemshie chai," alisema mwishowe.

"Uwachemshie. Na usiwaonyeshe sura hiyo."

"Na cha Anaeli? Umekiweka wapi?"

"Hakikuingia."

"Miaka yote hii nimekuahidi mzigo mmoja, dada Vere. Mmoja tu. Toa chochote cha hao wengine, uweke cha mtoto."

"Begi limeshachukuliwa."

"Basi nitabaki na deni lako."

"Huna deni. Nimelifuta tangu jana, na sitaki kulisikia tena."

Askari alikuwa ameshamgusa bega. Elkanah alifungua mdomo kubisha, maana kubisha alijaliwa, kisha akaufunga, akaitikia kwa kichwa.

"Nenda, mdogo wangu," Verediana alisema.