Chini ya Lori, Mvua Ikija

Boliti ya kati ya springi ilikatika tulipokuwa tumeiacha Tororo nyuma, tukielekea Busia na shehena ya saruji. Ni boliti ndogo, lakini ndiyo inayoshika vyuma vya springi pamoja juu ya ekseli. Ikikatika, ekseli husogea na lori huanza kwenda upande kama kaa. Nikaliegesha kando ya lami. Mwenzangu, tuliyekuwa tukipokezana naye usukani, akapanda bodaboda kurudi mjini kutafuta nyingine. Jua lilikuwa kali bado, ila nyuma ya mwamba wa Tororo mawingu meusi yalishaanza kujikusanya.

Dereva yeyote atakuambia usiingie chini ya lori ukiwa peke yako. Nami nilijua. Lakini nilitaka vyuma viwe vimefunguliwa kabla ya mvua. Nikatandaza matawi barabarani kuwaonya wanaokuja, nikazuia magurudumu kwa mawe, nikakalisha jeki juu ya kipande cha ubao na kuinua. Tairi la akiba nikalilaza chini ya chasisi, kwa mazoea tu. Kisha nikaingia chali, spana mkononi.

Sikusikia kishindo. Nilisikia ubao ukipasuka, mara mwanga ukapungua. Lori lilikuwa limeshuka. Chasisi ilikalia ukingo wa lile tairi, na ncha ya springi ikanigandamiza bega na kifua ardhini. Niliweza kuvuta pumzi nusu. Nikijaribu kuijaza, chuma kilinikatalia.

Nikaita. Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mgonjwa. Malori yakapita, yakayakwepa matawi yangu, yakapiga honi ya salamu. Waliiona miguu ya dereva anayetengeneza gari lake. Nani angesimama kwa hilo?

Matone yakaanza. Udongo wa pale ni mwekundu, ukilowa unalegea haraka. Nikahisi tairi la akiba likizama. Chuma kiliongeza uzito kidogo, kikatulia, kikaongeza tena. Nimewahi kukosa breki mteremkoni, lakini hofu ile ilikuwa na kazi: upunguze gia, upige honi, utafute tuta la kupanda. Hii haikuwa na kazi yoyote. Nililala tu, nikisikiliza mvua na kumtaja Mungu kwa pumzi fupi fupi.

Ndipo nikaona miguu mitupu yenye matope ikikimbia kutoka shamba la mtama. Ilikuja kujikinga mvua ubavuni mwa lori.

"Mama!" nikasema. "Mama, nisaidie!"

Akainama. Alikuwa mama wa makamo, gunia kichwani, jembe mkononi. Aliponiona alipiga yowe.

"Uwi! Gari nakuua!"

"Usiguse kitu, mama. Simamisha lori jingine. Mwambie alete jeki."

Akakimbilia barabarani. Nilimsikia akipiga kelele kwa Kijapadhola, lugha ya kwao, kisha kwa Kiswahili. Lori moja likapita, na la pili. Kwenye mvua kubwa namna ile hakuna aliyepunguza mwendo. Akarudi, akapiga magoti matopeni karibu na kichwa changu, akatazama bega langu, akatazama lile tairi.

"Hii tairi nakwenda chini," akasema.

"Naliona."

"Basi mimi nachimba."

"Hapana, mama! Ukichimba, lori litatuangukia sote wawili."

"Na mimi nakaa, nangoja, wewe si nakufa? Nyamaza, mtoto wangu. Funga macho."

Sikuyafumba. Alilaza jembe karibu ardhini na kuuchota udongo kutoka chini ya bega langu, taratibu, kama mtu anayefukua karanga asitake kuzikata. Kila jembe lilipogusa ardhi, chasisi ililia. Suruali nilikuwa nimeshailowanisha mwenyewe, si kwa mvua. Kisha akaliweka jembe kando, akaingiza mikono, yeye naye kichwa chake kikiwa ndani ya kivuli cha lori. Nilisikia meno yake yakigongana. Bega likashuka. Pumzi nzima ikaingia kifuani, nikalia kwa sauti.

Akanishika kwapani, akavuta. Ovaroli ikachanika mgongoni. Nikatoka.

Tulikaa mtaroni tumeshikana, mvua ikitupiga. Lori halikuanguka. Lilisimama vile vile limeinama, hadi mwenzangu aliporudi na madereva wawili wakaliinua kwa jeki tatu. Mimi sikuwakaribia. Busia nilifika nikiwa abiria, mfupa wa bega umevunjika.

Bega lilipopona nilimpelekea yule mama sukari na kitenge nyumbani kwake, karibu na lile shamba. Nilitarajia vicheko na vigelegele. Badala yake alisimama mlangoni akanitazama mikono, miguu, kila mahali, kama anayehakikisha nimekamilika.

"Wewe nakuja kunishukuru," akasema, "lakini mimi siku ile sikulala. Hata leo. Kila lori nikisikia, mimi nafikiri jembe yangu imekuua."

Nilimwambia kwamba mimi nami silali vizuri. Akanivutia kigoda, akaingia jikoni kupika chai, na kila lori lilipopita barabarani alichungulia kunitazama, nami nikamwinulia mkono.