Bustani ya Fundi Rangi

Nani yule aliyesema mgeni njoo, mwenyeji apone? Aje kwangu Jumapili ya geti wazi aone kama mwenyeji amepona. Tangu alfajiri nimefagia, nimemwagilia, nimesugua choo cha uani, maana watu wakija kutazama maua kitu cha kwanza wanachouliza ni choo. Miguu inawaka moto na hata mgeni mmoja hajaingia.

Mtaani kwetu wenye bustani tuna chama. Kila Jumapili nyumba moja hufungua geti, watu wa huku na huko wakaingia kutembea. Sharti letu ni moja: mwenye bustani awatembeze yeye mwenyewe, si jirani wala mtumishi. Wapo wanaokuja kujifunza, wapo wanaokuja kupiga picha, na wapo wale wa mikoba mikubwa wanaokata vitawi vya watu wakidhani hatuwaoni. Wana imani yao hao, kwamba kitawi cha kuomba hufa, cha kuiba ndicho hushika. Mimi huwafuata nyuma kama polisi.

Mwenye bustani ni mume wangu. Mtaa mzima humwita Fundi Rangi, kwa kuwa amepaka nyumba za watu tangu ujana mpaka magoti yake yalipokataa ngazi. Alipoacha kazi, ufundi wote akauhamishia kwenye udongo. Njano aliipanda karibu na zambarau, nyekundu akaitenga peke yake kwa sababu, anasema, ni mgomvi. Na ana maneno huyo mzee! Anaweza kumchekesha aliyefiwa.

Sasa haoni. Presha ya macho ilianza jicho moja, ikahamia la pili, na daktari akasema kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki ni mwanga na vivuli. Tukaficha. Sababu ni kijana wetu, mtoto wetu wa pekee, ambaye anakaa ghorofani na mkewe na kila akija anasema tuuze hapa tukakae naye. Mume wangu aliniambia, "Mtoto akijua, nyumba imekwenda. Nisitiri, mama watoto." Nikamsitiri. Lakini kumsitiri mtu ni kazi, nyie! Namtia dawa, namtafutia kiatu, namnong'oneza anayekuja ni nani kabla salamu haijafika. Magugu anayodhani ameyang'oa, nayang'oa mimi. Miche aliyoing'oa akidhani ni magugu, naipanda tena yeye akiwa amelala. Mwenyewe nikigusa kitanda nalala kama gunia.

Bustanini, hata hivyo, hakuna ambaye angejua kuwa haoni. Njia ya matofali inazunguka, na kando yake kuna vyungu vya maua ambavyo havisogezwi hata kidogo. Fimbo yake ikigusa ukingo wa kile cha penye kona, anajua hapo ni asumini. Kokoto zikilia chini ya kiatu, anajua kulia kwake ni chungu cha waridi lake jeupe. Ndivyo alivyowatembeza watu mwaka jana, na wakaondoka wakimsifu.

Jumapili ya zamu yetu mwaka huu, kijana wetu alikuja mapema na mkewe kutusaidia. Mkwe wangu huyo ni mwema, sina neno naye, hajui kukaa bure. Tatizo ni kwamba ametembelea bustani nyingi za chama na ameona wenzetu wanavyofanya. Siku ya wageni, vyungu vilivyochanua huletwa mbele, vilivyonuna hupelekwa nyuma, ili mtu akiingia apokewe na maua. Mimi nikiwa jikoni nasuuza glasi, mzee akiwa chumbani anavaa, mkwe akamwita mumewe wakavihamisha vyote, kimya kimya, wanifurahishe.

Nilipotoka na trei, wageni walishajaa na mzee alishashika fimbo. "Karibuni! Msikanyage, msiibe, na mkiiba, mama watoto asiwaone!" Watu wakacheka. Mimi macho yalikuwa kwenye vyungu: hakuna hata kimoja kilichokuwa mahali pake. Nikampa kijana trei, nikajaribu kujipenyeza nimfikie, nani anipishe? Walishamzunguka.

Penye kona, fimbo ikagusa ukingo. "Inameni mnuse," akasema. "Asumini hii hufungua pua hata ya mwenye mafua." Mama mmoja akainama kweli, akanusa shubiri, ile ya majani machungu, akasonya na kucheka. Wengine wakacheka naye. Wanamjua kwa utani. Mume wangu akatabasamu, lakini mimi nilimwona akigeuza kichwa kidogo, anasikiliza kicheko ambacho hakukiagiza.

Akaendelea mpaka penye kokoto. "Hapa ndipo ninapojivunia. Nimepaka nyumba nyingi, ila weupe kama huu sijawahi kuupata kwenye ndoo." Mbele yake lilikuwa dungusi, la kijani, limejaa miba, halina ua hata la dawa. Safari hii waliocheka walikuwa wachache. Kijana wetu hakucheka. Alikuwa amesimama na trei ya maji, anamtazama baba yake usoni.

Mzee akainama, kama kawaida yake, amchumie mgeni ua. Kiganja kizima kikazama kwenye miba. Hakupiga kelele. Aliendelea kupapasa, anatafuta ua.

"Haoni!" nikasema. Sikupanga, limetoka tu. "Mwacheni jamani, mume wangu haoni!"

Wageni wakaanza kutoka mmoja mmoja, kwa adabu ile ya watu wanaotoka msibani, wakirudisha glasi mezani bila mlio. Hata wale wa mikoba hawakuchukua kitu. Mkwe wangu akafunga geti, akarudi analia, "Ni mimi mama, ni mimi." Nikamwambia nyamaza mwanangu, hukujua, na kutokujua kwako tumekutengenezea sisi.

Tukakaa barazani. Nikaushika mkono wa mzee, namtoa miba kwa kibanio cha nyusi.

"Umeniuza," akaniambia.

"Nimechoka, mume wangu. Nimechoka kuona kwa watu wawili."

Kijana akauliza tangu lini, nikamwambia yote. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akasema, "Basi, yameisha. Mtahamia kwangu. Maji yako bombani, lifti ipo, msaidizi wa nyumbani yupo. Mama atapumzika."

Nitasema kweli, nilitamani. Nilitamani nilale mchana, mtu mwingine amtafutie kiatu. Nilitamani nisibebe ndoo. Nilijiona nimekaa kwenye kochi la mwanangu, sina ninalolichunga, na machozi yakanilengalenga kwa hamu.

Nilimngoja mzee aanze ubishi. Hakubisha. Aliuliza kwa upole, "Huko kwako, choo kiko upande gani?" Kijana akamweleza: ukitoka chumbani, korido, mlango wa pili. "Na jikoni?" Akamweleza. "Na mtu akitaka kutoka nje?" Kijana akaeleza habari za lifti na vitufe vyake. Mzee akawa anachezesha miguu juu ya sakafu, kama anayejaribu kuipita njia hiyo akiwa amekaa, na kila mara anapotea.

"Mwanangu," akasema mwishowe, "hapa mimi sioni tu. Kwako nitakuwa kipofu."

Kijana wetu akanigeukia. "Sema wewe, mama. Wewe ndiye unayeubeba mzigo."

Wote wakaningoja. Hata yeye asiyeona alikuwa amenielekezea uso. Nilimchukia kidogo, Mungu anisamehe, kwa sababu jibu nilikuwa nimeshalijua na sikulitaka.

"Rudisheni vyungu," nikasema. "Kila kimoja mahali pake. Na wewe mwanangu, utakuwa unakuja kung'oa magugu, maana baba yako anang'oa mimea."

Kijana akakunja mikono ya shati. Nikiwa jikoni niliwasikia wakiburuta vyungu juu ya matofali, na mzee akiwaelekeza kwa kugusa kila ukingo, "Kushoto. Kushoto tena. Hapo, hapo hapo." Sauti yake ilikuwa na raha. Mimi nikamimina maji kwenye beseni, nikaanza kuosha glasi za wageni, na hapo ndipo nilipolia. Sikulia kwa huruma. Nilikuwa nimeletewa mapumziko mpaka mlangoni kwangu, nikayarudisha kwa mdomo wangu mwenyewe.