Choroko Katikati ya Pamba

Bibi yangu humpigia magoti kila mtu. Mkwe, mgeni, fundi baiskeli, hata mimi mjukuu wake, ambaye kwa utani ananiita mume wangu. Ndivyo mwanamke wa Kisukuma anavyosalimia, na yeye haoni sababu ya kuacha. Ndiyo maana asubuhi ile ya Januari, mtendaji wa kijiji alipoegesha pikipiki kando ya shamba lake akiwa amewapakia mgambo wawili mshikaki, nilijua mambo yameharibika kabla hajafungua mdomo. Bibi alimwambia "Mwangaluka", salamu yetu ya asubuhi, akiwa wima, jembe mkononi.

Nilikuwa nimetoka Bariadi, ninakoendesha kaduka ka fotokopi, kuja kumsaidia palizi. Shamba lilikuwa la pamba, na katikati ya mistari ya pamba kulikuwa na choroko. Kosa lake ndilo hilo. Pamba inatakiwa ikae peke yake, eti mchanganyiko hufuga wadudu, na hilo hutangazwa kila mwaka kwenye mkutano wa kijiji. Bibi huhudhuria, husikiliza mpaka mwisho, kisha hurudi nyumbani akapanda choroko zake. "Pamba hailiwi," husema, na mjadala umefungwa.

"Mayu, ulionywa," alisema mtendaji, akimwita mama kwa Kisukuma. Ni kijana wa pale pale, ukimkuta gulioni ni mpole kabisa. "Zing'olewe leo. Nisipozing'oa, wilayani watanihoji mimi."

"Maganda bado mabichi. Ngoja zikauke nivune, halafu uje uone kama utakuta hata mzizi."

"Leo, mayu."

Nyumbani kwetu sote tunajua kwa nini Bibi alisogea akasimama mbele ya choroko zake. Alipokuwa mtoto, wakati wa Mwingereza, bwana shamba wa Kizungu alifika kwao akiongozana na mwanangwa, mkuu wa kijiji wa enzi hizo, wakakuta baba yake amechanganya kunde na pamba. Wakamwamuru azing'oe kwa mikono yake. Alikataa. Wakazing'oa wao, wakamlaza chini, wakamchapa viboko mbele ya watoto wake. Hakuomba. Bibi akifika hapo hunyanyua kidole na kurudia: hakuomba. Kisha huongeza kwamba mwaka ule walikula majani ya porini. Uhuru ulipokuja alidhani hayo yamekwisha, kwamba hakuna mtu atakayeingia tena shambani kwake kumpangia cha kupika.

Nilimwambia mtendaji kwamba amri ile ni ya Mzungu, kwamba Mzungu aliondoka akaacha fimbo chini, na yeye ameiokota.

Alinikata jicho. "Wewe wa mjini, unalima wapi?"

Hakusubiri nijibu.

"Wadudu hawajui uhuru," akaendelea. "Shamba moja likikaidi, kijiji kizima kinapata hasara." Akawapungia mkono mgambo.

Mmoja aliinama akashika shina. Likatoka na udongo wake, maganda ya kijani yakining'inia. Akang'oa la pili. Nilimkamata shati, mwenzake akanyanyua rungu, nami nikakunja ngumi. Nilikuwa tayari kupigwa, mradi na mimi nipige.

Hapo Bibi akaweka jembe chini, akapiga magoti mbele ya mtendaji.

Rungu lilibaki juu. Mtendaji alimtazama Bibi, akatutazama sisi, kisha, sijui ni kwa aibu au kwa busara, akachuchumaa haraka naye akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mayu," akasema, kana kwamba ndiyo kwanza anafika.

"Marahaba, mwanangu."

Mtendaji akamuuliza hali ya mguu wake unaomsumbua. Bibi akamuuliza habari za mama yake. Mgambo akaachia shina la tatu alilokuwa ameshalishika, na rungu likashuka. "Zikikauka tu, mayu, uzitoe," alisema mtendaji akijipangusa udongo, na wakaondoka.

Nilicheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. "Umemweza, Bibi! Salamu tu, kalainika!"

Hakucheka. Alikuwa bado chini, akiyarudishia udongo mashina mawili yaliyong'olewa, ingawa alijua hayatashika.

"Sikumsalimia," alisema. "Nilimwomba." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Baba alisimamiwa na Mzungu, hakuomba. Mimi nimemwomba mtoto wa jirani niruhusiwe kula."

Choroko tulizivuna. Alizipika kwa karanga kama kawaida yake, na mimi niliiacha sahani nusu.

Msimu huu, mvua za kwanza ziliponyesha, alinipigia simu. "Nimepanda," alisema. Sikuuliza nini, wala wapi. Nilimwambia nitakwenda kuongea na mtendaji mapema, kiungwana, kabla mambo hayajaharibika.

"Ongea naye shambani," akanikatiza. "Njoo na jembe, mume wangu. Alikuuliza unalima wapi. Safari hii nataka akukute, umjibu wewe. Mimi sipigi magoti tena."

Jembe nimelinunua jana. Duka nimelifunga leo.